Bibi Mwahija na Mchezo wa Redio

Tulipohamishiwa Mitole, kijiji cha ujamaa, redio ya kijiji alipewa Bibi Mwahija aitunze. Yeye ndiye aliyekuwa akitufunda wasichana unyagoni. Wanaume walinung'unika. Bwana Fakihi, mwenyekiti, akawaambia, "Ninyi mtauza betri." Bibi alizianika betri juani kwenye ungo, na kuku aliyesogea alikula mwiko.

Mwaka ule ukaja mchezo wa redio, kila Alhamisi jioni. Mtangazaji alisema ni kisa cha kweli, mtu kamuua mkewe. Wazee wakaulizana, vijana wasikilize au wasisikilize? Bibi akasema hilo dogo. Aliyetoka jandoni au aliyechezwa unyago ni mtu mzima, akae. Wengine wakalale.

Basi kijana Leonadi, ndevu zimeshaanza kuota, akatolewa. Yeye alitahiriwa hospitali ya misheni, jando hakuliona.

"Bibi, mimi mkubwa kuliko hawa!"

"Hata kobe mkubwa. Nenda."

Tulicheka sana. Mboni, mjukuu wa Bibi, miaka kumi na miwili, akakaa. Mimi nilikaa naye, maana tulichezwa pamoja.

Mchezoni yule mke alikuwa akipigwa. Majirani wakimuuliza, anasema kaanguka kisimani. Siku ya kuuawa tulisikia mchi unatwanga, mlango, kelele moja, halafu mchi hausikiki tena.

Tangu hapo Mboni hakugusa kinu. Chakula alikichokoachokoa tu. Alikuwa ameshaposwa na kijana mmoja, Huseni wa Kiswere. Siku moja tukiwa jikoni, Bibi anakaanga korosho, Mboni akauliza, "Bibi, si ulitufunda ya ndani hayatoki nje?"

"Niliwafunda."

"Na yule naye alifundwa hivyo?"

Korosho zikashika moto mbele ya Bibi, anaziangalia tu.

Jioni akaenda kwa Bwana Fakihi, nami nimembebea kibatari. "Mwenyekiti, nimekosa. Nimemkalisha mtoto mahali pa wakubwa."

"Si abaki nyumbani Alhamisi?"

"Akibaki ndiyo nini? Kashasikia mwenzake anauawa. Na mdomo nimemfunga mimi."

Alhamisi ilikuwa sehemu ya mwisho, kesi mahakamani. Kila jirani anasema alijua, hakumwambia mtu. Hakimu akakohoa asome hukumu. Bibi akazima redio.

"Ala! Bibi Mwahija, hukumu hiyo!" Ahmadi, mmoja wa wanaume, akapiga kelele.

"Ingoje." Akamgeukia Mboni. "Mume akikupiga, toka. Iwe usiku, iwe mvua. Piga kelele njia nzima mpaka kwangu."

Mboni akanong'ona, "Na yale ya unyagoni?"

"Yale nilikosea mimi."

Bwana Fakihi akainama. "Bibi, ya unyagoni unayasema mbele ya wanaume?"

"Nayasema. Nani mwingine atayasema?" Sauti ilimtetemeka. Sijapata kumwona hivyo, yeye aliyetutetemesha sisi.

Alipowasha redio, hukumu ilikwisha pita, wanasoma bei ya korosho. Wanaume waliondoka wakilaumu, wengine wakisema mwakani atafutwe mwingine wa kufunda wasichana. Bibi aliwasikia. Alikaa vilevile mkekani, Mboni kamshika mkono, wakisikiliza bei mpaka mwisho.