Kengele Ambayo Mzee Sadashiv Hakuipiga

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Ulikuwa mwaka wa 2008, Nakuru yetu bado imenyong'onyea baada ya vurugu za uchaguzi. Mimi nilikuwa kijana wa kuchekacheka, shule niliishia darasa la nane, lakini ndoto! Nilitaka kuwa mwigizaji.

Mwalimu wa kikundi chetu cha maigizo alikuwa Mzee Sadashiv, Mmarathi aliyeigiza jukwaani kwao India tangu ujana, kisha akaingia kwenye filamu. Uzeeni, mkewe keshafariki zamani, alikuja kukaa na binti yake aliyeuza vitambaa mjini. Alitufunza desturi za kwao: kabla ya mchezo hupasuliwa nazi mbele ya jukwaa, halafu kengele hupigwa mara tatu. Ya tatu ikilia, pazia hufunguka na hakuna kurudi nyuma. Kengele aliishika mwenyewe.

Mchana wa onyesho letu la kwanza, katika ukumbi wa kanisa, alikuja mtengenezaji wa filamu kutoka Nairobi. Alikuwa anatafuta kijana mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa na sehemu kubwa. Kengele ya pili ilikuwa imeshalia mwenzangu Kiprono aliponijia na simu.

"Ni sistako, kutoka Subukia. Mathe amezidiwa. Anakuita."

"Mwambie nitakuja kesho," nikasema. "Msanii haachi jukwaa."

"Wee! Huyo ni mamako, si fundi wa viatu!"

Mzee akasikia. Nilidhani atanisifu. Akaiweka kengele chini.

"Nani alikufunza hayo?"

"Si wewe, Mzee? Hakuna kurudi nyuma."

"Ya tatu bado." Akakaa juu ya sanduku la nguo za mchezo, polepole, kama mtu anayeumwa magoti. "Mke wangu alikuwa hospitali. Mimi nikaingia jukwaani, nikachekesha watu. Walipiga makofi wamesimama. Magazeti yakaandika, filamu zikaniita. Nilipofika kwake, wameshamfunika. Watu wakasema, huyo ndiye msanii. Hakuna aliyeniuliza mimi najionaje. Nenda, kijana. Leo sipigi."

"Na yule wa Nairobi?"

"Angoje, ama aende."

Nilipata lori la maziwa lililokuwa likirudi Subukia tupu, poda ya mchezo bado usoni. Mama alikuwa hai. Akanigusa shavu, akatazama kidole chake cheupe.

"Leo umekuwa nani?" akauliza.

"Mwanao tu, mama."

Akatabasamu. Jua halijazama, akatutoka.

Mtu wa Nairobi alienda zake na hakurudi tena. Wenzangu walininunia siku nyingi, na filamu sikuwahi kuigiza. Sitakudanganya, mwanangu, kwamba hainiumi. Mshika mbili moja humponyoka, na iliyoniponyoka niliipenda sana. Lakini Mzee aliishika hiyo hiyo, na nilimwona akizeeka nayo. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa akilala naye kitanda kimoja.

Basi sikia. Kazi yako ipende, ifanye kwa moyo wote. Ila wako akikuita kwa mara ya mwisho, iache hapo hapo ulipofika, hata kama dunia nzima imekaa vitini inakungoja. Usiseme kesho.

Mungu akupe kazi inayokufurahisha, mwanangu, na akujalie kuwakuta wako wakiwa bado wana joto la mikono. Amina.