Ngozi ya Waisiko Iliyolelewa Mwanza

Waisiko wa Nyanungu hakuwahi kuomba ruhusa ya mtu. Mume wake alipokufa bila kumwachia mtoto wa kiume, mashemeji walianza kuupima mji wake kwa macho, huyu akitamani shamba, yule akitamani zizi. Waisiko hakulia. Alitoa ng'ombe zake mwenyewe akamwoa Felista, nyumba ntobhu kama Wakurya wanavyoita, mwanamke akimwoa mwanamke ili mji upate watoto. Watoto wakazaliwa, tena wa kiume, na mashemeji wakapata shughuli nyingine. Felista anamwita mama, na kila asubuhi wanagombana kwa raha zao.

Sasa mama huyo, kwenye harusi ya jirani, akaambiwa aache kubeba sufuria la uji maana umri umekwenda. Nani wa kumwambia hivyo? Akalibeba. Uji wa ulezi ukammwagikia mguu wa kulia, kuanzia goti mpaka juu ya vidole, na aliyewahi kupika anajua kuwa uji si maji. Uji unashika hapohapo na kukaa. Kidonda kikagoma kufunga. Madaktari wakahamisha ngozi ya paja, nayo ikanyauka. Wakaanza kuongea habari za kukata mguu.

"Kakateni wa Magige," akasema Waisiko. "Yeye kazi yake kukaa."

Magige ndiye shemeji mkubwa, na alikuwepo palepale, amekaa.

Ndipo akatokea Method, daktari kijana wa hospitali moja ya Mwanza, ambako walikuwa wanajaribu kukuza ngozi ya mtu nje ya mwili wake. Angechukua kipande kidogo cha ngozi nyuma ya sikio, akilishe ndani ya vibakuli, kizaane mpaka kitoshe mguu. Kwa kuwa ni ngozi yake mwenyewe, mwili usingeikataa. Ikishika, mguu unabaki. Isiposhika, msumeno.

Magige alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, umekuwa shamba! Wakivuna ikabaki si watashona mkoba?"

"Wakishona, mkoba huo utakuwa na sura nzuri kuliko yako," akajibu Waisiko, akapanda gari na Felista wake.

Lakini kichwani jambo hilo alikuwa ameshalielewa kwa njia yake. Mwenye ng'ombe wengi halazi wote zizi moja. Anampeleka mmoja kwa rafiki wa mbali, Nyansurura au Natta huko, amchungie. Mchungaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Na mwenyewe anatokea bila taarifa kutazama kama mali imenona. Kwa hiyo, kidonda cha nyuma ya sikio hakijakauka, Waisiko alishaanza kudai kwenda kukagua.

Wakampeleka kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye kioo cha maabara, kibuyu cha mtindi kikiwa mapajani.

"Shikamoo, mama," akasema Method.

"Marahaba, mura," akajibu, akimwita kijana kwa Kikurya. "Iko wapi?"

Akamwonyesha kabati lenye joto kama la mwili, na ndani yake vibakuli vya plastiki vyenye maji mekundu.

"Mnainywesha hayo?"

"Ndicho chakula chake, mama."

"Ndiyo maana siioni! Ipe maziwa haya. Ngozi yangu haijazoea soda."

Felista aligeukia ukuta mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Method akaapa kwamba mtindi ungeiua ngozi siku hiyohiyo. Waisiko akamtazama sana, kisha akampa yeye kibuyu. Mchungaji naye hula. Tangu hapo kila akipelekwa kwenye kioo kile aliisalimia ngozi kwa Kikurya, akiiuliza kama imelala salama, na wagonjwa wengine nao wakaanza kumfuata kwenda kusalimia. Wodi ikawa kama inauguza mtu mmoja zaidi.

Ikafika siku ya mguu kuvalishwa ngozi. Mguu umeshasafishwa, ngozi imeletwa kwenye boksi lake, laini kuliko utando wa maziwa. Method kwa furaha yake akaropoka.

"Imekua vizuri, mama! Mpaka imebaki."

Waisiko akavuta mguu. "Imebaki iko wapi?"

"Kule maabara, tutasomea. Nilikueleza mwanzoni, ukakubali."

"Ulisema kipande. Kipande nilikubali. Hukusema ndama!"

"Ndama gani tena?"

"Ng'ombe wangu amezaa kwako, mura, sasa unataka kugawa? Leta yote hapa nihesabu."

"Mama, ukiichukua nyumbani itaoza. Na hii ya mguu ikikaa nje ya kabati inakufa. Hatuna muda wa kesi."

"Kama ni kufa, ife ikiwa yangu."

Akajifunika shuka mpaka kidevuni. Method akatazama boksi, akatazama shuka. Kule mlangoni wauguzi walikuwa wameacha kutembea. Felista hakucheka safari hii. Alimjua mama yake: akishafunga mdomo namna ile, hata mvua ya mawe haimfungui.

"Mama," akasema, "siku Magige akija kusimama langoni, utamfukuza kwa mguu gani?"

Waisiko akapandisha shuka mpaka puani.

"Haya. Yule mzee wa Natta aliyekuchungia ng'ombe mpaka wakajaa zizi, aliondoka mikono mitupu?"

"Nani kasema? Nilimpa mtamba! Mweupe, mzuri! Mimi si mtu wa kudhulumu mchungaji."

"Na huyu?"

Waisiko akafikiri. Shuka likashuka kidogo, kisha likashuka lote.

"Mura, hiyo iliyobaki ni mtamba wako. Nimekupa mimi. Hujachukua, umepewa. Lakini usiniambie utambandika Magige."

"Hata tungembandika, mama, mwili wake ungeikataa."

"Siyo mwili wake," akasema Waisiko akinyoosha mguu. "Ngozi yangu ndiyo ingemkataa. Haya, nivalishe!"

Ikawekwa, ikafungwa bandeji, akakatazwa hata kukanyaga. Siku za kungoja alikuwa mpole mpaka watu wakaogopa. Usiku Felista alimsikia akiuambia mguu, polepole, ushike, tafadhali, ushike. Neno tafadhali hakuwahi kumsikia akimwambia binadamu.

Bandeji ilipofunguliwa Method aliinama, akagusa kwa kidole, akagusa tena. Chini ya kidole palikuwa na rangi ya waridi, inang'aa kama shavu la mtoto mchanga.

"Imeshika," akasema. "Mama, imeshika yote. Ila bado usi..."

Mama alishashuka kitandani. Alisimama, mguu wa kushoto, kisha wa kulia, akauelemea taratibu. Mguu ukambeba. Felista akapiga kigelegele cha kupasua bati, wagonjwa wakakidaka, na muuguzi akaja mbio kutoka jengo la pili akiuliza nani amejifungua bila mkunga.

"Mimi!" akaita Waisiko, ameshika bega la daktari, akitikisa mabega kama msichana aliyesikia ngoma. "Mguu! Tena umefanana na mimi!"