Tonge Lisilo na Mlaji Kilimani Mgongo wa Ng'ombe

Hivi msomaji, mtu akiwapikia wachimbaji wote, kisha akafunga tonge moja zaidi ambalo halina mlaji, utajizuia kumwuliza ni la nani?

Asubuhi, umande haujakauka, Bibi Pyo Ok-bun, 72, anapanda kilima cha Mgongo wa Ng'ombe, Cheorwon, mpakani mwa Korea mbili, kapu kichwani. Ndani mna matonge ya wali yenye chumvi na mafuta ya ufuta, yamevingirishwa kwa mwani mkavu. Ni chakula cha askari wanaofukua mabaki ya waliokufa hapa.

Mwaka 1953, wakubwa walipokuwa wakijadiliana amani, vijana walinyang'anyana kilima hiki. Kilitekwa usiku, kikarudishwa mchana, na mpaka haukusogea hata upana wa shamba.

"Bibi, leo tena unawalisha nguruwe pori?" anamtania Kapteni Noh Tae-jun, akiona tonge limewekwa juu ya jiwe.

"Nguruwe hawalalamikii chumvi kama wewe."

Baba yake Bibi hakuwa askari. Alikuwa mpagazi, akipandisha wali mgongoni hadi kwenye mahandaki, bila bunduki, bila kibati cha jina shingoni. Siku moja hakushuka. Ok-bun alikuwa bado tumboni.

"Mama alisema aliondoka na chakula cha watu, mwenyewe hajaonja kitu," anasimulia.

Siku aliyokufa haijulikani, hivyo humwandalia chakula cha wafu tarehe tisa ya mwezi wa tisa, siku ya wote wasio na siku yao.

Kila msimu wachimbaji humwomba ute wa shavuni wakapime kama ana damu moja na mifupa iliyofukuliwa. Kila msimu hukataa.

Leo shimoni kumetoka mifupa ya mguu na kiatu cha mpira. Askari walivaa buti. Mpira ulikuwa wa wapagazi. Kisigino kimeshonwa kwa waya.

"Mama alisema alimshonea hivi," anasema Bibi. Kisha anajirudi: "Lakini enzi zile nani hakushona kwa waya?"

"Tupime, Bibi. Unaogopa nini?"

Anafuta mikono kwenye aproni, mara mbili. "Mkisema siye, kesho nitambebea nani wali?"

Kapteni anakitazama kile kiatu. "Asipokuwa wako, ni baba wa mtu. Na huyo naye hajala."

Bibi anafungua kinywa, kijiti cha pamba kinapita shavuni.

"Akiwa yeye," anasema, "nataka apate siku yake mwenyewe."

Analitoa tonge jiweni, analiweka kando ya kiatu, na kutamka neno ambalo hajapata kumwita mtu yeyote.

"Baba, kula. Kisha tushuke nyumbani."