Wimbo wa Kulimia wa Kishapu

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Shinyanga, miaka ya hamsini ikianza, Bwana Mtafiti, mkusanya nyimbo aliyeniajiri, hakunipa kalamu. Aliniuliza, "Mama yako huimba nini akitwanga?" Nikamwimbia. "Na akibembeleza mtoto?" Nikaimba tena.

"Basi umeanza kazi," akasema. "Hapa hatuulizi kama wimbo ni mtamu. Tunauliza unaimbwa na nani, lini, na kwa nini."

Nikawa karani mkalimani wake, na nilimpenda mzee yule tangu siku hiyo. Tulizunguka na mashine ya kunasia sauti, nzito kama nini, iliyokula betri za gari. Ushirombo tulinasa nyimbo za harusi, Geita tukanasa za vibarua wa machimbo ya dhahabu. Lakini roho yake ilikuwa kwenye wimbo mmoja mrefu wa kulimia, kule Kishapu. Waitikiaji walikuwa wengi, ila beti zote alizijua manju peke yake, yaani mtunzi na kiongozi wao, naye umri ulikuwa umekwenda.

Tulimkuta shambani kwa mjane mmoja, kundi zima limejipanga kwa mstari.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu. Bwana Mtafiti akamwomba aketi aimbe.

"Niimbe nimekaa? Kwani nalima kwa makalio?"

Bwana Mtafiti akacheka sana, akaomba jembe. Wimbo ukaanza, mimi nimeinamia mashine. Mara manju akanyamaza, majembe yote yakasimama.

"Na yule? Hapa kwetu hakuna mtazamaji."

Nikaitazama mashine. Utepe ukiisha bila mtu wa kuubadili, beti zilizobaki zimepotea.

"Bila wewe mashineni tunakosa mwisho," Bwana Mtafiti aliniambia. "Bila wewe mstarini hatupati hata mwanzo. Shika jembe."

Nikalima. Tulipofika mpakani mwa shamba, manju akimwombea mjane mavuno, utepe ulikuwa umekwisha zamani. Bwana Mtafiti hakununa. Alimshukuru manju kwa mikono miwili, viganja vimechubuka.

Baadaye alihamishwa, na mashine yake. Mimi niliendelea kwenda kulima na manju kila msimu mpaka alipofariki, na wimbo ukaniingia mwilini.

Nimestaafu, naishi mtaa wa Kambarage, hapahapa Shinyanga. Vijana wa chuo wameusikia utepe, wanakuja kutafuta mwisho wake. Wananiamkia vizuri, naitikia marahaba, kisha nawauliza, "Mmekuja na majembe?" Wanadhani natania.

Msimu uliopita binti mmoja alivua viatu, akauliza shamba liko wapi. Huyo sasa anaujua wimbo wote.