Insulini ya mume wangu ilipotunzwa kwenye barafu

Wakuu, nawaamkua kwa heshima. Walionizidi umri, shikamooni. Haya yalitokea kwangu Mikindani, nami nayaeleza bila kuongeza chumvi.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa karani wa makontena katika bandari ya Kipevu. Alijidunga insulini asubuhi na jioni, na sukari yake ilikuwa imetulia.

Jumatatu ya kwanza ya Februari, stima ilikatika, ikarudi kwa nguvu, friji letu likaungua. Jirani yetu Bi Zuhura, auzaye barafu za ukwaju mlangoni pake, akaichukua dawa mikononi mwangu.

"Lete, mwanangu. Friji langu lisiloshiba ukwaju litashindwa na kichupa?"

Tangu hapo tukawa tunaifuata kwake saa za sindano, kisha tunairudisha.

Kabla mwezi haujaisha, sukari ilipanda. Alikunywa maji bila kukata kiu, akakonda, mshipi ukatobolewa tundu jipya.

Kliniki walimwongezea dozi, wakamwambia aache chapati. Hakuwa amegusa chapati.

Jumapili moja ya Machi, kaka yake alikuja kutoka Voi.

"Shemeji, wewe uliyesoma ukubwani, hicho cheti hakikukufunza kumpikia mgonjwa?"

Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na watoto watatu. Nilimpakulia chakula kile kile cha mume wangu: mchicha, samaki wa kuchoma, na ugali wa kujaa kiganja.

Baba Neema akacheka kwa shida. "Kula, kaka. Ukiuona huo utamu, niite."

Alhamisi ya mwisho ya Machi alianza kuhema, pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno. Mashine ya kupimia ikaandika HI, yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma.

Hospitalini, daktari aliomba kuiona dawa. Akakiinua kichupa kwenye mwanga. Chembe nyeupe zilikuwa zimeganda kiooni.

"Mama, hii iligandishwa. Haifanyi kazi tena."

Jumamosi alfajiri nikawa mjane.

Matangani, Bi Zuhura alikuwa akimenya vitunguu kando yangu.

"Nilimtunzia, wallahi. Adhuhuri watoto wakianza kufunguafungua mlango wa friji, naipandisha juu kwenye barafu isiharibike. Alasiri naiteremsha, asijidunge dawa ya baridi."

Nilimwambia ahsante. Shemeji zangu nao walikuwa pale nje wakisema nilimlisha vibaya kaka yao. Niliwaacha waseme. Jina langu lingesafishwa kwa kumchafua mama yule, nami sikutaka usafi wa namna hiyo.

Nilidhani ningenyamaza hadi kaburini.

Jumanne iliyopita nikamwona fundi viatu wa mtaani petu akimpa Bi Zuhura kichupa chake cha insulini.

Nilivuka njia, nikamketisha Bi Zuhura, nikamweleza yote, taratibu.

Hakulia. Aliuliza, "Na siku zote hizo ulikuwa ukinisalimu?"

Nikamjibu, "Naam, mama."

Akainuka, akamrudishia fundi kichupa chake, kisha akalizima friji. Barafu ziliyeyuka hadi mlangoni, naye hakuzifuta.

Wakuu, insulini yataka ubaridi, haitaki kuganda. Ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Na sukari ikipanda bila sababu, ikagueni dawa kabla ya kumhukumu mpishi.

Ninyi msio na friji, mnaihifadhi vipi kwenye joto hili? Tuelezaneni hapa. Nami nisaidieni: Bi Zuhura hatoki nje tangu siku ile, na kila nikibisha hodi haitikii.