Bado ya Fundi Anselmo

Ukitaka kumjua fundi seremala wa Keko, muulize kama kitanda chako kiko tayari. Atakwambia bado. Anselmo alizeeka na neno hilo mdomoni. Wateja walikuja wamenuna, akawajibu bado bila kuinua kichwa, na kwa kuwa hakuna aliyeranda mbao za mninga vizuri kama yeye, walirudi tena wiki iliyofuata kuambiwa bado.

Kisha bega la kulia likakaza. Kila asubuhi mkewe, Monica, alimuuliza kama linauma. Anselmo alijibu bado, yaani bado linauma, na Monica akateleka maji ya kumkanda. Ikafika siku randa ikamponyoka mbele ya Adelard, mwenye karakana. Adelard hana huruma na wala hajisumbui kulificha hilo. Alimwambia kuna kazi ya vitanda vya nyumba ya wageni kule Tegeta, na ikianza kabla bega halijapona, meza yake ya kazi atapewa fundi mwenzake, Gibson. Meza hiyo Anselmo aliitengeneza mwenyewe, na kazi nyingine haijui.

Akaenda kliniki, kwa mtaalamu wa viungo aliyeitwa Benedicta. Yule dada alimweleza kwamba sindano zake hazina dawa ndani. Zinachomwa pale msuli ulipojifunga, zinaunganishwa na nyaya za kimashine, na umeme mdogo unaupigapiga msuli mpaka ulegee. Wengi hupona hivyo, sibishi. Alimwambia pia umeme unatakiwa kugusa tu, ukianza kuuma aseme.

Anselmo alilala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda. Sindano ya mwisho ilipoingia, moto ulimshuka kutoka begani hadi vidoleni.

"Baba, inauma?" Benedicta aliuliza, mkono wake ukiwa kwenye swichi ya kuongezea.

"Bado," alisema Anselmo, vilevile alivyomjibu Monica kila asubuhi.

Benedicta akaelewa kwamba haijaanza kuuma, akaongeza umeme. Akauliza tena, akajibiwa vilevile, akaongeza tena. Anselmo ni mtu wa Newala, aliyetoka jandoni bila kulia, na alidhani kuumia ndiyo dawa yenyewe. Machozi yalidondokea sakafuni, akayaona yeye peke yake. Lakini vidole vilikuwa vimejikunja hadharani, na hilo linaniudhi mpaka leo. Mtaalamu gani anauliza mdomo tu, mkono asiutazame?

Alipochomolewa sindano, maumivu yalikuwa yameisha kweli. Aliinuka akitabasamu, akamshukuru Benedicta, akanyoosha mkono kuchukua shati. Mkono haukwenda. Hospitalini yeye na Monica waliambiwa mshipa wa fahamu umeumia, na daktari akasema wangoje: siku mkono ukianza kuuma, ajue unarudi.

Vitanda vya Tegeta vimeanza na Gibson yuko mezani. Adelard amembakiza Anselmo mlangoni awaambie wateja bado, maana kazi hiyo, anasema, haihitaji mkono. Anasema hivyo mbele ya wateja, nao wanacheka. Monica naye ameacha kuuliza, kwa sababu jibu analijua.

Mchana, mafundi wakishakula, humzunguka. Gibson huokota msumari chini, huushika ule mkono kama anavyoshika kipande cha mbao, halafu huchoma kiganja. Wengine huwa wameshaanza kucheka kabla hajachoma.

"Vipi, mzee, inauma?"

Anselmo hakasiriki. Hukitazama kiganja chake kwa makini, hadi kile kidoa cha damu kinapotokeza, na husubiri kidogo, asije akajibu haraka akakosea.

"Bado," anasema, kisha humwomba Gibson achome tena.