Masizi Kwenye Ukingo wa Kigae

Nilipoombwa ruhusa ili wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno wachimbe mabaki ya kale katika gunda letu, yaani boma lililohamwa la mama mkwe wangu hapa karibu na Kisian, nilitoa masharti mawili: wasikanyage mtama wangu, na kila jioni wanionyeshe walichokitoa ardhini. Mwalimu wao alikubali. Alisema kwamba wangejifunza kwetu nasi tungejifunza kwao. Nilidhani hayo ni maneno ya adabu tu.

Walichimba polepole mno, kwa mwiko wa mwashi na brashi.

“Kwa mwendo huu,” niliwaambia, “mtakapofika chini nitakuwa nimeshazikwa humo.”

Walicheka. Mimi sikucheka.

Siku ya tatu walipata vigae vingi vya vyungu, vyeusi ndani na nje, hata kwenye kingo zilizovunjika. Binti mmoja mwanafunzi alinisomea alichoandika kwenye mfuko: nyumba iliungua.

Jirani yangu, aliyekuwa akichekecha udongo pamoja nao, alipiga makofi.

“Miaka yote nasema! Boma la mchawi huliwa na moto. Leo chuo kikuu kimeandika!”

Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha kufinyanga. Alifariki kwa uzee, wanawe wakiwa wamekwisha kujenga maboma yao, na nyumba yake ikaachwa iangushwe na mvua, kama desturi ilivyotaka. Hata hivyo, uvumi wa uchawi ulimfuata kaburini. Sasa ulikuwa umepata karatasi, nami sijui kusoma; hata haya ananiandikia mjukuu wangu.

Nilikwenda jikoni, nikarudi na kigae ninachokaangia njugu.

“Chungu hiki kilivunjika lini?” nilimuuliza yule binti.

“Sijui, Dani.” Hivyo ndivyo tunavyomwita bibi.

“Kilivunjika mjukuu wangu, ambaye sasa anajua kuandika, akiwa bado ananyonya. Tazama ukingo. Ni mweusi. Je, nyumba yangu imeungua?”

Aliugusa ukingo kwa kidole, akakitazama kidole chake. Nilimweleza kwamba kwetu chungu kikivunjika hakitupwi: kipande kipana hukaangiwa njugu, au hubebewa makaa kutoka kwa jirani, na masizi hushika hata ukingo uliovunjika. Tena ukuta wa udongo ukiungua huwa mwekundu na mgumu kama tofali, wenye alama za fito.

“Mmeupata udongo huo?”

Walipekua ndoo zote. Haukuwamo.

“Dani,” binti alisema kwa sauti ndogo, “vigae vya jana nilivisugua kwa brashi na sabuni. Masizi yote yametoka.”

“Basi acha kusugua. Na ufute uongo huo.”

Tangu hapo waliosha vigae mbele yangu, kwa maji matupu. Nao walinishusha shimoni wakanionyesha udongo wa rangi nyingine chini ya sakafu ya mama mkwe wangu, na ndani yake kigae chenye mapambo ambayo mkono wangu haujui kuyachora. Kumbe palifinyangwa vyungu hapa kabla yetu. Sikuwa nimejua hilo.

Siku ya mwisho wanakijiji walikuja kutazama. Binti alisoma kwa sauti maandishi mapya: vigae vya kukaangia na kubebea makaa.

Jirani yangu alishika kimoja, akakigeuza.

“Mama yangu alikuwa nacho cha namna hii,” alisema. “Akinituma hapa kwa mama mkwe wako kuomba moto.”

“Na alikupa?”

“Kila asubuhi.”

“Basi huo ndio moto uliotoka katika boma hili,” nilimwambia, nikasogea ili apate pa kukaa mkekani.